Ngoma Iliyoponyoka Magotini

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona wanawake wa Kigogo wakipiga muheme, naomba nianze na magoti. Watu wengi wakisikia neno ngoma hufikiria mikono. Muheme huanzia chini. Mwanamke husimama, huinama kidogo, huibana ngoma katikati ya mapaja, juu tu ya magoti, kisha huipiga kwa viganja huku mabega yakicheza. Hakuna kamba inayoishikilia wala kigoda cha kuiegemeza. Mapaja yakilegea, ngoma inakwenda zake. Nimelieleza hili mapema kwa sababu yote yaliyompata wifi yangu yalikuja kuamuliwa hapo, kwenye sehemu ya mwili ambayo yeye aliihesabu kuwa nyama ya ziada.

Wifi yangu ni mke wa kaka yangu. Sisi ni Warangi, kwetu ni Kondoa, kule milimani. Yeye ni Mgogo wa upande wa Bahi, amekulia kwenye majaruba ya mpunga na kelele za ng'ombe. Kaka anafanya kazi ya kupima barabara, muda mwingi yuko porini, kwa hiyo wifi na mimi tumezoea kuishi kama nyumba moja yenye milango miwili hapa Area D, mjini Dodoma. Mimi ninafundisha biolojia sekondari. Nina tabia ya kueleza mambo hata nisipoulizwa, na wifi alishapata dawa yake: anagonga sufuria kwa mwiko na kusema, "Mwalimu, kengele imelia." Hapo najua kipindi kimekwisha.

Mwanzo wa habari ulikuwa mzuri kabisa. Wifi alikwenda kupima afya, nami nikamsindikiza. Daktari akamwambia presha imeanza kupanda, si ya kutisha, lakini ingefaa apunguze uzito taratibu, apunguze chumvi na mafuta, na aushughulishe mwili. Alisema "taratibu" zaidi ya mara moja. Tulipotoka nje wifi alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kazi, na wifi akipewa kazi huimaliza kabla ya muda.

Tukajiunga na klabu ya jogging ya mtaani kwetu. Dodoma siku hizi imejaa klabu hizi. Jumamosi alfajiri, kabla upepo haujaanza kurusha vumbi, utaona kundi la watu wenye fulana za rangi moja wakikimbia katikati ya barabara, mbele yao kiongozi mwenye filimbi, na nyimbo juu. Wifi hakukaa wiki nyingi kabla hajawa mwimbishaji. Ana sauti inayotoka kifuani kama imetumwa. Yeye anaanzisha, kundi linaitikia, miguu inapiga lami kwa pamoja, na mtu kama mimi, ambaye kwa kawaida nikimbiapo huwa ni kwa sababu ya mbwa, najikuta nimefika mbali bila kujua.

Ukweli mwingine wa klabu yetu ni kwamba mwisho wa mbio hugeuka kuwa klabu ya supu. Tunakaa kwenye mabenchi ya mama mmoja mwenye supu ya mbuzi na chapati, tunacheka, tunawasengenya waliobaki nyuma. Kiongozi wa filimbi alikuwa na msemo wake wa kututania: "Kimbieni vizuri, mbuzi asije akafa bure." Wifi alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kunyanyuka.

Halafu akaanza kuondoka mapema. "Nina dobi nyumbani," alisema. Jumamosi iliyofuata alikuwa na mgeni. Iliyofuata, tumbo. Sikutilia maanani, kwa sababu alikuwa anapungua, na sote tulimsifu. Wanawake wa klabu walimzunguka wakimshika kiuno. "Dada, tupe siri." Naye akazunguka kama msichana, akasema siri ni maji ya ndimu na nidhamu.

Siri yenyewe niliikuta jikoni kwake. Alikuwa amepika ugali wa uwele na mlenda wenye karanga, amewapakulia wanawe, na yeye amekaa pembeni na kikombe cha juisi ya ubuyu na kichala kidogo cha zabibu.

"Wewe umekula saa ngapi?" nikamuuliza.

"Si unaona nakula?"

"Naona unanusa."

"Zabibu ni tunda, mwalimu. Wewe mwenyewe unafundisha watu wale matunda."

"Na asubuhi ulikula nini?"

"Ubuyu una vitamini."

"Nimeuliza nini, sijauliza una nini."

Akacheka, akachukua mwiko, akagonga sufuria. Nikarudi kwangu. Lakini sasa nilikuwa naangalia, na mtu akianza kuangalia huona.

Kitu cha kwanza nilikiona kwa masikio. Nyimbo zilipungua. Wifi alianzisha wimbo, akafika katikati, akaacha wengine wamalizie. Baada ya muda hakuanzisha kabisa. Alikimbia amekaza taya, macho kwenye lami, na kundi zima likawa linakimbia kimya kama watu wanaofukuzwa. Kiongozi wa filimbi akamuuliza kama ana mafua.

Kitu cha pili kilikuwa sweta. Kipindi kile kabla ya mvua, Dodoma inapooka watu kama mikate, wifi alikaa barazani na sweta la sufu, viganja vimekunjwa makwapani. Msusi wake akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba nywele za mbele zinabaki kwenye kitana. Kulikuwa na lengelenge kisiginoni, la viatu vya mazoezi, ambalo halikutaka kupona. Na hasira. Huyu ni mtu aliyekuwa akivunjiwa kikombe anatafuta kwanza kichekesho kilichomo. Sasa mtoto akiangusha kijiko, nyumba nzima inasikia.

Siku moja nikamkalisha, nikamuuliza kama wanawake wanavyoulizana, "Na siku zako je?"

Akaangalia pembeni. "Zimeniacha. Nadhani ni umri."

"Kwa miaka yako hiyo?"

"Bora. Nimepumzika."

Nilitaka kuanza kueleza. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Lakini aliniangalia kwa jicho ambalo halikuwa na sufuria wala kengele, jicho la kuomba niache. Nikaacha, nikijipa moyo kwamba nafasi itakuja. Nafasi ilikuja kwa basi la kutoka Bahi, imefungwa kwenye kanga.

Aliyeshuka nayo alikuwa mama yake wifi. Mama huyu ndiye aliyeongoza muheme kijijini kwao tangu wifi akiwa mgongoni. Ngoma yake ni kubwa kuliko zote za kundi, imewambwa ngozi ya kenge, na mbao yake imelainika pande mbili, pale ambapo mapaja yake, na kabla yake ya mama yake, yameibana. Alikuwa amekuja na habari moja. Mikono bado inataka, alisema, ila magoti yamekataa. Baada ya mavuno ya uwele wanawake wangekusanyika, na yeye angeikabidhi ngoma. Alitaka kumkabidhi binti yake. Wifi alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu utotoni. Aliwahi kuniambia kwamba alipokuwa mdogo alijizoeza kwa kubana ndoo.

Lakini kundi lina desturi yake. Ngoma haikabidhiwi kwa maneno. Anayeipokea anasimama mbele ya wenzake na kuongoza mzunguko mzima wa kwanza, tangu wimbo unapoanzishwa mpaka unapofungwa, bila ngoma kugusa ardhi. Ikigusa, anaitwa mwingine. Na huyo mwingine alikuwepo: binti wa mama yake mdogo, anayeishi hapo hapo kijijini, mwenye miguu, kwa maneno ya wifi mwenyewe, kama vinu.

"Shikamoo mama," nikasema, nikimpokea mzigo.

"Marahaba mwanangu." Alikuwa hanitazami. Alikuwa anamtazama binti yake aliyesimama mlangoni na sweta.

Akasubiri wifi aingie kuchemsha chai. Hapo akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya jiko, karibu na banda la kuku.

"Wewe ni mwalimu, hutanidanganya. Kaka yako hampi mtoto wangu chakula?"

"Mama! Debe la unga limejaa!"

"Nyie Warangi nawajua. Mnakaa milimani, mmezoea kula kidogo ili msibingirike."

Ulikuwa utani, lakini nusu yake tu. Nikamwambia hali ilivyo: daktari, klabu, ndimu, zabibu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Daktari amemwambia apungue. Amemwambia aishe?"

Alilala usiku mmoja, akaacha ngoma, akapanda basi. Pale kituoni aliniambia jambo moja tu: "Mimi nikimwambia, atasema mama wa kijijini hajui. Wewe mweleze. Si ndiyo kazi yako?"

Wifi akachagua uwanja wangu kwa mazoezi, kwa kuwa una ukuta na majirani wavumilivu. Jumapili mchana tukaianika ngoma juani ngozi ikaze, kisha akajifunga kanga, akainama, akaibana. Akapiga. Mlio ulikuwa mzuri sana kiasi kwamba jirani alichungulia juu ya ukuta. Wifi akatabasamu, nilikuwa nimelisahau lile tabasamu, akaanza kutikisa mabega. Kisha nikaona mapaja yanatetemeka chini ya kanga. Ngoma ikateleza mpaka magotini, akaidaka kwa miguu, ikateleza tena, ikaponyoka, ikaanguka kwa kishindo, ikabingirika uwanja mzima hadi kwenye beseni la maji ya kuku. Kuku wakapaa. Jogoo akatua juu ya tangi la maji na kuanza kulalamika.

Tulicheka mpaka tukashikana. Jirani naye alicheka ukutani. Wifi akaifuata ngoma, akaifuta, akaibana tena. Ikaanguka mapema zaidi. Akajaribu tena. Safari hii haikuwa ngoma iliyoanguka, ni yeye. Magoti yalikunja tu, akakaa chini kwenye vumbi kama mtu aliyevutiwa kigoda. Midomo ilikuwa imepauka na jasho la baridi limemtoka usoni.

Nikamletea chai yenye sukari, nikamwinulia kikombe mdomoni. Alipopata nguvu ya kuongea, alisema bila kuniangalia, "Nampigia mama. Ampe yule mwenye miguu ya vinu."

"Usimpigie kwanza."

"Nilidhani nikiwa mwepesi nitacheza kama swala. Kumbe siwezi hata kusimama. Nakimbia kila siku, hata siku zisizo za klabu, wifi! Mtu anayekimbia kila siku anakosaje nguvu?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri kwa miezi. Hakukuwa na sufuria karibu. Nikakaa naye kwenye vumbi.

"Unaikumbuka ile tembe ya bibi yako, kule kwenu?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeiona mara moja: nyumba ya zamani, paa la udongo bapa limelala juu ya nguzo na boriti. Mpaka leo mama yake anahifadhi ngoma za kundi humo.

"Naikumbuka."

"Sasa fikiria bibi yuko ndani, anapika. Kila siku moto unawaka, lazima uwake, kwa sababu moyo unataka moto, ubongo unataka moto, mapafu, damu, vyote. Hata ukiwa umelala unawaka. Kuni ni chakula. Mtu akiwa na kuni nyingi kupita kiasi uwanjani, zile za ziada ni mafuta, na daktari alikwambia uzipunguze. Sawa. Ukileta kuni pungufu kidogo, bibi atatoka nje kuchukua zile za uwanjani. Taratibu, siku baada ya siku, uwanja unakuwa mweupe. Tatizo wewe hukupunguza kuni. Uliacha kuzileta. Na wakati huo huo ukaja na mbio, ukasema moto uwake mara mbili."

"Si atatoka nje achukue nyingi zaidi?"

"Anachukua, lakini zile za nje hazishiki moto haraka hivyo. Na sufuria iko juu, haisubiri. Basi bibi anafanya nini? Anaangalia kulia na kushoto, anaona nguzo."

Wifi akanitazama.

"Anang'oa nguzo ya kwanza, anakata, anachochea. Paa halijaanguka, kwa hiyo hana wasiwasi. Kesho nyingine. Nguzo ndiyo misuli, wifi. Ndiyo haya mapaja. Kwenye mizani unaona umepungua, unafurahi, kumbe sehemu ya kilichopungua ni kile kinachokusimamisha."

"Na baridi?"

"Bibi amekuwa bahili wa moto. Kazi ambazo mwili unaweza kuahirisha, unaahirisha. Joto la viganja, baadaye. Nywele, baadaye. Kidonda cha kisigino, kisubiri. Siku zako za mwezi ndiyo kabisa: mwili unasema hapa hakuna chakula cha mmoja, cha wawili kitatoka wapi? Haukukupumzisha. Umefunga duka. Na ukikaa hivyo kwa muda mrefu hata mifupa inaanza kuliwa, na moyo wenyewe ni msuli, nao ni nguzo."

Jogoo alishuka kwenye tangi. Halafu wifi akasema, "Lakini nyie Ramadhani mnafunga mwezi mzima, na mnatembea, na mnafanya kazi."

Nilifurahi, kwa sababu mwanafunzi anayebisha ni mwanafunzi aliyesikia. "Tunafunga, halafu tunafuturu. Umekula futari ya mama yangu wewe. Uliweza kunyanyuka?"

Akacheka kidogo. "Nilifungua kanga."

"Basi. Na daku tunakula. Na mgonjwa hafungi. Wewe hujafunga, wewe umefungiwa, na ufunguo uko mkononi mwako."

"Sasa mimi nimefika nguzo ya ngapi?"

"Paa bado liko juu. Tukamuone daktari."

Alivuta ile ngoma, akaiweka mapajani kama mtoto. Niliona anapigana na kitu, na nilikijua. Alikuwa anaogopa mizani. Miezi yote ile watu walikuwa wamemsifu, na sasa nilikuwa namwambia arudi kwenye sahani. Nikamwambia, "Sikuombi uwe kama zamani. Nakuomba ule kwa ajili ya hii ngoma mpaka mavuno. Baada ya hapo utaamua."

Kesho yake tukaenda. Daktari yule yule akamshika kope, akazifunua, akaagiza vipimo. Damu ilikuwa imepungua, na presha, ambayo zamani ilipanda, sasa ilikuwa imeshuka kiasi cha kumfanya aone giza akisimama ghafla. Daktari hakumgombeza. Alimpa vidonge vya kuongeza damu, akamwambia aache kukimbia kwa muda, atembee tu, ale milo yake yote, na arudi kila baada ya wiki chache wamwangalie. "Uzito unaopungua kwa njaa," alisema, "mwili huurudisha ukipata nafasi. Unaopungua polepole huku unakula, huo unakaa huko huko ulikokwenda."

Sahani ya kwanza ilikuwa kazi. Watu hudhani mwenye njaa ya muda mrefu akiona chakula atakivamia. Wifi aliangalia ugali kama mtu anayeangalia maji ya kina. Tumbo lilishazoea kuwa dogo. Matonge machache tu akasema amejaa. Hatukulazimisha. Tukaanza na uji wa uwele wenye karanga, bakuli dogo, mara nyingi kwa siku. Kisha yai. Kisha mlenda, ambao yeye mwenyewe alisema unashuka bila kuomba ruhusa. Maharage. Kambale mkavu kutoka kwao Bahi, aliyetumwa na mama yake ndani ya gazeti, harufu yake ikatangulia kufika kabla ya kondakta. Matunda aliendelea nayo, zabibu na ubuyu pia, ila sasa vilikuja baada ya chakula, si badala yake. Ugali ulikuwa wa kiasi, mboga nyingi, mafuta kidogo. Kwa kweli ni kile ambacho daktari alikuwa amekisema tangu mwanzo.

Wiki za kwanza mizani ilipanda kidogo, akaja kwangu na uso umenuna. "Umeniona? Nanenepa."

"Unarudishia nguzo. Nguzo zina uzito."

"Na zikizidi?"

"Piga ngoma, tuone."

Akapiga. Ilianguka, lakini ilichelewa kuanguka. Alinuna, kisha akanyanyua kidole juu kama mtu aliyefunga goli. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena juu ya mizani, aliuliza ngoma. Kila jioni baada ya chakula kutulia aliibana na kutembea nayo uwanjani, kama bata, huku wanawe wakimfuata nyuma na madumu matupu katikati ya mapaja yao. Jirani aliacha kuchungulia, akaomba kiti.

Klabuni alirudi akitembea pembeni ya barabara. Nilikuwa na hofu wangemcheka. Walimtania, ndiyo. "Dada, siri ya maji ya ndimu imeishia wapi?" Naye akawajibu, "Imeishia kwenye beseni la kuku. Njooni kwenye supu niwaeleze." Akawaeleza. Nilikaa nikisikia nguzo zangu za tembe zikitoka mdomoni mwake, zimeongezewa chumvi na vichekesho, na wale waliokuwa wakimuomba siri wakawa wanaangalia mabakuli yao. Binti mmoja wa klabu, mwembamba, ambaye mara nyingi alikuwa na dobi Jumamosi, alivuta chapati polepole, akaanza kula.

Asubuhi nyingine, baada ya wiki kadhaa, nilikuwa katikati ya kundi nikihema, mara nikasikia kutoka nyuma sauti imetumwa. Wifi alikuwa bado anatembea, hajaruhusiwa kukimbia, lakini alikuwa ameanzisha wimbo. Kundi zima likapunguza mwendo ili lisimwache mwimbishaji. Kiongozi wa filimbi akageuka, akaanza kukimbia kinyumenyume akicheka. Siku ile tulichelewa sana kwenye supu.

Mavuno yakafika. Tukaenda Bahi na kaka yangu, aliyekuwa ametoka porini na kushangaa kwa nini mama mkwe wake anamkazia macho. Kutoka stendi tulichukua bodaboda, ngoma ikapewa bodaboda yake peke yake, imefungwa kanga, kama bibi harusi. Kijijini wanawake walikuwa wameshakusanyika mbele ya ile tembe. "Mbukwa! Mbukwa!" salamu zikarushwa kila upande. Binti wa mama mdogo alikuwepo, miguu ya vinu na shanga shingoni, akamkumbatia wifi na kumnong'oneza kwa sauti tuliyoisikia sote, "Mimi niko hapa karibu. Ikikuchosha, niite."

"Kaa chini, mdogo wangu," wifi akamjibu. "Utachoka kusimama."

Wakazipasha ngoma moto ngozi zikaze. Wifi akaibana ya mama yake kwenye zile pande mbili zilizolainika. Akaanzisha wimbo, wenzake wakaitikia, ngoma ndogo zikaingia, na yeye akaingia juu yao kwa ile kubwa. Vumbi likapanda. Mimi nilikuwa natazama magoti tu. Mabega yalicheza, shanga zikaruka, wimbo ukapanda, ukageuka, ukarudi. Walipofika sehemu ya kuinama chini na kunyanyuka, niliona ngoma imeteleza upana wa kiganja. Mama yake aliona. Binti wa mama mdogo aliona, akaweka mguu mbele. Wifi hakuangalia chini. Alivuta pumzi katikati ya wimbo, akayakaza mapaja, na ngoma ikapanda tena mahali pake kama mtoto anayesogezwa mgongoni. Na sauti haikukatika. Waliufunga wimbo pamoja, mkono wa mwisho ukashuka, kimya kikaja, na ngoma ilikuwa bado juu.

Vigelegele vilifukuza mbuzi. Binti wa mama mdogo ndiye aliyepiga cha kwanza, na kirefu kuliko vyote.

Mama akaja polepole na magoti yake yaliyokataa. Hakutoa hotuba. Aliinama, akaweka kiganja juu ya paja la binti yake, akaliminya kwa vidole vitatu kama anavyofanya mnadani anapochagua mbuzi. Akaminya tena, upande wa pili.

"Hii sasa inashika," akasema. Kisha akamgeukia kaka yangu. "Nimekusamehe."

"Kwa lipi, mama?" kaka akauliza.

Alipopimwa tena na daktari, mwezi uliofuata, wifi alikuwa mwepesi kidogo kuliko siku ile ya kwanza kabisa tulipokwenda, na mzito kuliko siku aliyokaa kwenye vumbi la uwanja wangu. Presha ilikuwa mahali pake. Siku zake zilikuwa zimerudi, na alikuwa ameruhusiwa kukimbia. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile kijijini tulikaa chini ya ukuta wa tembe, sinia la ugali katikati, kambale na mlenda pembeni, na wifi akawa ananawa mikono huku ngoma iko nyuma yake inapoa.

"Umezipata wapi nguvu hizi?" mama yake akamuuliza.

"Nimerudisha nguzo, mama."

"Nguzo gani?" Mama akageuka kuitazama tembe, akahesabu kwa macho. "Mbona zipo zote?"

Nikasogeza kigoda. Nikavuta pumzi. "Mama," nikaanza, "mwili wa binadamu ni kama..."

Wifi akanyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, akaigonga ile ngoma kubwa pigo moja.

"Mwalimu," akasema, akimega tonge, "kengele imelia. Kula."